Tumbo la Kikombe Kimoja

Kwa miezi kumi na minne swali moja lilininyima usingizi: tumbo lililokatwa likianza kutanuka, je, ugonjwa nao unarudi? Nililala chali katika chumba changu cha kupanga mjini Iringa, mkono juu ya kovu, nikisikiliza kila mngurumo. Nikihisi njaa, nilijiuliza kama ni njaa kweli au ni kidonda kipya. Nikishiba, nilijiuliza kama tonge lile la mwisho ndilo lililolivuta tumbo likalegea. Sikumwuliza mtu. Niliona ni afadhali kubaki na swali kuliko kupewa jibu nisilolitaka.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyetoka kukatwa tumbo, au anayesubiri kukatwa, naye ana tabia kama yangu ya kufikiri jambo mpaka likaoza. Mimi nilisomea uchumi, sikusomea utabibu. Siwezi kumweleza kilichomo ndani ya tumbo lake. Ninaweza kumweleza nilivyokula, nilivyoacha kula, na nani aliumia kwa sababu hiyo.

Vidonda vilinianza chuo kikuu, Dar es Salaam, mwaka wa mwisho. Nilivificha kwa chupa ya dawa nyeupe niliyoinywa kama maziwa. Nilipopangiwa kazi Iringa, katika ofisi ya mipango, nilikuwa nimezoea maumivu kiasi cha kuyaona kama sehemu ya umri. Asubuhi moja ya mwezi wa Mei nilitapika kwenye ngazi za ofisi kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Dereva wa ofisi alinibeba mgongoni.

Hospitali ya misheni walijaribu dawa kwa wiki mbili, damu ikaendelea kutoka. Daktari akaja na kiti, akakaa karibu na kitanda. Daktari akikaa kwenye kiti, ujue neno lenyewe ni zito.

"Tutaondoa sehemu kubwa ya tumbo," alisema. "Litakalobaki litakuwa kama ngumi yako. Baadaye litatanuka taratibu."

Niliitazama ngumi yangu. Nina mikono midogo.

Sista Yustina, muuguzi mkuu wa wodi, alileta karatasi ya kutia sahihi. "Ndugu yako yuko wapi?"

"Mbeya."

"Tupeleke habari?"

"Mimi ni mtu mzima, Sista. Nitatia sahihi mwenyewe."

Akanitazama juu ya miwani, akanipa kalamu. Hapo ndipo lilipoanza kosa langu.

Mama aliyenizaa alifariki nikiwa darasa la pili. Baba yangu ni dereva wa malori ya barabara kuu, yale yanayokwenda mpakani Zambia, na katika safari zake alioa mke Mhehe kutoka kijiji kimoja nje ya Iringa, akamleta nyumbani kwetu Ilomba, mjini Mbeya, katikati ya ukoo wa Wanyakyusa. Watu walimwita Mama Atu, kwa jina la mwanawe, mdogo wangu Atupele; kwangu alikuwa mama mdogo. Alinilea yeye. Alinipikia uji kabla sijaenda shule, akanisubiri mlangoni nikirudi na mvua. Majirani walimtania kwa Uhehe wake, kwamba Wahehe hula mbwa. "Mama Atu, mbwa wetu haonekani tangu jana, hiyo nyama ya leo ni ya wapi?" Naye bila kugeuka jikoni: "Mbwa wenu nimemwona, amekonda. Nasubiri anone." Wakacheka, wakanawa, wakala. Mchana alipika wali na maharage sokoni Mwanjelwa, akiwauzia madereva na wachukuzi, na sufuria yake ilikuwa tupu kabla ya saa nane.

Lakini nilijua kwetu ugonjwa wa tumbo hauji peke yake, huja na swali la nani alipika. Nilifikiri: wakisikia Ambakisye amekatwa tumbo, wataanza kuhesabu mikono iliyomlisha, na mkono wa kwanza ni wa mwanamke aliyetoka kwa watu wengine, aliyemkuta yatima. Basi nikaona nimlinde kwa kunyamaza. Siku moja kabla ya kukatwa niliandika barua ya uongo, nikisema naenda semina ya miezi miwili. Mwandiko wa barua ile ulikuwa mzuri kuliko wa mitihani yangu yote.

Nilikatwa mwezi wa Juni, baridi ikiwa kali hata wauguzi wakivaa masweta juu ya sare. Siku ya nne nilipewa maji kwa kijiko. Kijiko cha pili kilinijaza hadi kooni. Nililia, si kwa maumivu, bali kwa mshangao kwamba mtu anaweza kushibishwa na vijiko viwili vya maji.

Kitanda cha pili alikuwa Mzee Masanja, mfugaji Msukuma aliyehamia bonde la Usangu na ng'ombe wake. Alikatwa kama mimi, wiki moja kabla. Alikuwa na maneno mengi kuliko wodi nzima.

"Msomi," aliniambia, "mimi nimekula maziwa ya mgando tangu sijaota meno. Leo wananipa kama wanamnywesha kifaranga."

"Utafanyaje, mzee?"

"Nitakuwa kifaranga. Kwani kifaranga hakui?"

Siku ya kutoka, Sista Yustina alinipa kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu. "Hiki ndicho kipimo chako kwa mlo mmoja. Kula mara sita kwa siku. Tafuna mpaka chakula kiwe uji. Usinywe maji pamoja na chakula, na sukari uiogope, itakuangusha. Baada ya wiki sita njoo, tutakuongezea."

Nilikwenda baada ya wiki sita. Nataka ijulikane kwamba nilikwenda. Nilikaa kwenye benchi la kliniki tangu saa moja, kadi mkononi, na Mzee Masanja akaja akakaa kando yangu akiwa na fimbo yake na karanga mfukoni. Kisha wakapitisha mtu kwenye machela, amekunja magoti, na mwanamke aliyemfuata akamwambia mwenzake, "Alikatwa mwaka juzi. Kimerudi." Sikusikia kitu kingine baada ya hapo. Nilifikiri: ameacha tumbo likatanuka, kidonda kikapata nafasi. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilisimama.

"Unakwenda wapi, msomi? Bado watu watatu tu," Mzee Masanja aliuliza.

"Nakwenda msalani."

Sikurudi. Nilikwenda moja kwa moja chumbani kwangu, nikakiosha kikombe, nikaapa kwamba sitakizidisha kamwe.

Mwili ukaanza kunipungukia. Mkanda wangu ulikuwa na matundu matano, nikaongeza la sita kwa msumari, la saba, la nane. Suruali niliyovaa siku ya mahafali ilinikalia kama gunia. Ofisini tulikuwa tukila mchana wanaume sita kwenye sinia moja, na kwa desturi anayeinuka mapema huonekana anawanyima wenzake kampani. Nilimega matonge matano nikainuka. Wakaniita bibi harusi. Mara nyingine kwenye tonge la sita nilisikia tumbo likisema lina nafasi, tena linaomba, na badala ya kufurahi nilishikwa na hofu. Leo najua lilikuwa linapona. Wakati ule niliona linanisaliti.

Krismasi nikaenda Mbeya. Mvua zilikuwa zimeanza na njia ya Ilomba ilikuwa tope jekundu. Ukoo wote ulikuwapo nyumbani, na aliyekaa mahali pa mbele ni shangazi Tusekile, dada mkubwa wa baba. Mama mdogo alinishika mashavu.

"Semina hiyo walikuwa wakiwalisha nini, mwanangu? Karatasi?"

Akanipakulia mwenyewe: wali wa Kyela, ndizi za nyama, paja la kuku, na kikombe kikubwa cha chai ya maziwa iliyokolea sukari. Kikombe changu cha bati kilikuwa ndani ya begi, nimekifunga kwenye shati. Nilifikiri nikikitoa watauliza. Nikiacha chakula, ataumia. Basi nikala chote, haraka, kama nilivyokuwa nikila nikiwa mwanafunzi, nikamalizia na chai.

Haikupita nusu saa. Jasho lilinitoka kama nimemwagiwa maji, moyo ukaenda mbio, mikono ikatetemeka. Nilijaribu kufika ukutani, nikaanguka kwenye mkeka mbele ya watu wote, nikatapika. Mama mdogo alipiga magoti akanipepea kwa khanga yake. Nilimsikia akiniita kwa jina langu lote, Ambakisye, Ambakisye, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto.

Shangazi alisimama. Hakupaza sauti. "Wifi," alisema, "umemtilia nini mtoto wetu?"

Nilikuwa macho, nasikia kila kitu. Nilihitaji maneno machache tu: nilikatwa tumbo, shangazi, si chakula. Lakini kichwani mwangu yakaanza mahesabu. Wakijua nilikatwa, watauliza kwa nini niliugua. Wakiuliza kwa nini niliugua, watarudi kwake. Nikiwa bado nahesabu, nilisikia sauti yangu ikisema, "Ni uchovu wa safari tu."

Hakuna aliyeamini. Mtu aliyechoka kwa safari halali hivyo. Shangazi aliichukua sahani yangu yenye mifupa na masalio, akaenda kuyamwaga kwenye shimo nyuma ya nyumba. Hata kuku hakuwapa. Kila mtu aliona.

Ningeweza kusahihisha siku iliyofuata. Badala yake nilirudi Iringa, nikasubiri mambo yatulie. Maneno ya namna ile hayatulii. Atupele aliniandikia kwamba sokoni Mwanjelwa wachukuzi wameanza kula kwa mwanamke mwingine, na kwamba dereva mmoja alifunua sufuria ya mama, akaitazama, akaifunika, akaenda zake. Nilikaa na barua ile mezani, nikaandika majibu manne, nikayachana yote.

Pasaka nikaenda tena. Mvua zilikuwa za mwisho, mahindi yamebeba. Safari hii nilijiandaa ili nisianguke tena: nilibeba mkate na mayai ya kuchemsha kwenye begi. Nilijiona mwerevu. Mchana nikajifungia chumbani nilimolelewa, nikawa natafuna yai langu polepole, nikipima kwa kikombe. Mlango ukafunguka. Mama mdogo alisimama na bakuli la maharage yaliyofunikwa.

Aliangalia maganda ya mayai kwenye gazeti. Akaangalia kikombe. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Nilisema wao ni wao," alisema. "Nilisema, Amba ananijua."

"Mama, si hivyo. Ofisini wametuzoesha kula kidogo kidogo."

"Ofisini." Akaweka bakuli sakafuni, si mezani. "Nimekulisha miaka kumi na sita. Ningetaka kukuua ningekuwa mvivu sana."

Ulikuwa mzaha wake wa mwisho kwangu nyumbani kwa baba, na sikuweza hata kuucheka. Alitoka, akarudisha mlango polepole. Maharage yale sikuyagusa. Huwa nayakumbuka kila nikiona maharage yenye mafuta ya rangi ile.

Juni ikaja, mwaka mmoja tangu nikatwe, na barua ya baba ikaja pamoja na baridi. Iliandikwa kwa penseli mahali fulani njiani. Ilisema: mama yenu amekwenda kwao. Hakufukuzwa. Alikaa miezi miwili akipika chakula kisicholiwa, akafunga vitu vyake, akapanda basi. Baba hakuniuliza kitu. Aliandika tu mwishoni, "Wewe ndiye uliyekula siku ile. Wewe ndiye unayejua."

Kwa hiyo mama mdogo alikuwa umbali wa mwendo wa asubuhi kutoka chumbani kwangu, nami sikwenda. Nilijiambia nitakwenda nikiwa na uhakika na tumbo langu. Nilikuwa bado nasubiri uhakika nilipoanguka ofisini mwezi wa Agosti. Hakukuwa na damu safari hii. Niliishiwa nguvu tu, nikasimama kutoka kitini na miguu ikakataa. Dereva yuleyule, mgongo uleule.

Kwenye benchi la kliniki nilimkuta Mzee Masanja. Sikumtambua mara moja. Mashavu yake yalikuwa yamejaa. Alikuwa anakula kiazi kitamu, anakitafuna taratibu kama ng'ombe anayecheua.

"Msomi," alisema, "msalani kulikuwa na foleni?"

Nilicheka, kisha machozi yakanitoka, akajifanya hakuona. Akanimegea kiazi. Nilipokataa, akakirudisha mfukoni bila kununa. "Mimi wameniongezea mara nne," alisema. "Sasa nakula nusu bakuli. Naketi kidogo, nakula tena. Mke wangu anasema nimekuwa mtu wa kula siku nzima."

"Na hukuogopa litatanuka?"

"Niliogopa halitatanuka."

Jina langu likaitwa. Sista Yustina alifungua kadi, akaona imeandikwa mara moja tu. Akanipandisha kwenye mizani, akaisoma, akaisoma tena.

"Unakula kiasi gani?"

Nilikitoa kikombe kwenye mfuko wa koti. Ule ukingo wa buluu ulikuwa umebanduka nusu. Akakichukua mikononi.

"Hiki nilikupa cha wiki sita."

"Niliogopa likikua kidonda kitarudi."

"Nani alikwambia hivyo?"

Sikuwa na jina la kutaja. Nilijiambia mwenyewe. Alimwita daktari, naye akanibonyeza, akanipima damu, akaja na kiti. Lakini maneno yake yalikuwa mepesi: hakuna kidonda, kuna njaa. Tumbo lilikuwa tayari kuongezeka tangu mwaka jana, mimi ndiye niliyelizuia. "Lilikuwa linakusubiri," alisema.

Nililazwa siku kumi. Wakanifundisha upya, kikombe kimoja na nusu, kisha viwili. Mwilini nilipata nafuu. Moyoni nilipata kitu kingine, kwa maana sasa nilijua kwamba yote yale, jasho la Krismasi, mayai ya Pasaka, sufuria iliyofunikwa Mwanjelwa, yalikuwa ya bure.

Jumatano niliyoruhusiwa sikupita ofisini. Nilikwenda kijijini kwao mama mdogo kwa miguu na kwa lifti ya lori la mkaa. Nilimkuta anaanika ulezi. Alisema "Kamwene" kama anavyomsalimu mpita njia. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa kuogopa kwamba nikikaa nitaanza kupanga maneno. Kisha nikapandisha shati.

Alilitazama kovu kwa muda mrefu. Akaligusa kwa kidole chenye vumbi la ulezi, juu mpaka chini.

"Ulilala hospitali nani akikufulia?"

"Hakuna, mama."

"Na mimi nilikuwa hai." Alisema hivyo tu, akaingia jikoni. Alitoka na ugali na mboga za maboga, akakaa mbele yangu. Nilikula robo, nikapumzika, nikala tena. Hakuondoka mpaka nilipomaliza. Kikombe changu alikichukua, akakitumbukiza kwenye pipa la unga kiwe cha kuchotea.

Nilimwomba arudi Ilomba. Alitikisa kichwa. "Sufuria ikishafunikwa na mtu kama imebeba maiti, huwezi kuifunua tena pale pale. Nimekusamehe, Amba. Sirudi." Hakurudi mpaka leo. Baba humfuata huko akipitisha lori, hukaa siku mbili, huondoka.

"Basi nifanye nini?"

"Mimi umeniambia, nami nilikuwa najua sikukutilia kitu. Maneno yalisemwa Ilomba."

Nilirudi chumbani, na Alhamisi nzima na asubuhi ya Ijumaa nilizitumia kufikiri. Niliona sababu nyingi za kuandika barua badala ya kwenda. Nilikuwa tayari nimeshika kalamu, nikauona mwandiko wangu unaanza kuwa mzuri. Nikaiweka chini. Ijumaa mchana nilikwenda kumwambia mama naondoka, nikalala kwao. Alfajiri alikuwa ameshapika kuku mkavu na viazi, ameviweka kwenye bakuli na kulifunga kwa kitambaa.

Basi lilinifikisha Mbeya alasiri. Shangazi Tusekile alikuwa uani kwake na wanawake watano wa ukoo, wanapukuchua mahindi. Wengi wao walikuwapo siku ya Krismasi. Waliniona nimebeba bakuli, wakanikaribisha, wakaniletea kigoda. Sikukaa. Nilifungua vifungo vya shati mbele yao, jambo ambalo mtoto wa kiume hafanyi mbele ya shangazi yake.

Mikono iliacha mahindi.

"Nani alikukata hivyo?" shangazi aliuliza.

"Daktari, Iringa. Juni ya mwaka jana. Nilikuwa natoka damu ya vidonda. Kile kilichoniangusha hapa hakikuwa chakula cha mama. Nilikula kwa haraka, na tumbo langu lilikuwa kama ngumi hii."

Alihesabu kwa midomo bila sauti. "Juni. Kabla ya Krismasi."

"Kabla."

"Ukalala pale kwenye mkeka, ukanisikia nikisema."

"Nilikusikia."

"Ukaniacha niseme."

"Nilikuacha, shangazi."

Alikuwa mtu mzima mno wa kuomba radhi mbele ya wake za wadogo zake, nami nilikuwa nimemfanya awe mkosaji bila yeye kujua. Hilo nalo sikuwa nimelifikiria, mimi ninayefikiria kila kitu.

Nikaketi. Nikafungua kitambaa.

"Hicho cha nani?" akauliza mmoja wao.

"Cha mama. Amekipika leo alfajiri."

Nilikula kiazi kimoja, na nyama ya shingo, nikitafuna kama nilivyofundishwa. Hakuna aliyeondoka. Hakuna aliyerudia mahindi. Nilipomaliza niliweka mikono magotini, nikakaa wima, wakinitazama usoni wakisubiri jasho. Jua likahama kutoka kwenye rundo la mabunzi hadi ukutani. Jasho halikuja.

Nikalisogeza bakuli mbele ya shangazi. Lilikuwa na paja la kuku na viazi viwili.

Alilitazama. Kisha akafuta makapi ya mahindi mikononi, akamwambia aliyekuwa karibu naye alete maji ya kunawa.